Karanga, kibwabwa na kikanda: jiko letu lisilo na nyama Lubumbashi

Mtu akisikia kwamba nyumbani kwetu hatupiki nyama wala samaki, swali linalofuata ni lile lile: "Sasa bukari munakula na nini?" Haulizi kwa ubaya. Anauliza kwa huruma, na mara nyingine anashusha sauti ili watoto wasisikie. Hapa Lubumbashi, kusini-mashariki mwa Kongo, sahani iliyo pembeni ya bukari, ugali wetu, ndiyo inayotangaza hali ya nyumba. Ikiwa nyama, mshahara umetoka. Ikiwa samaki mkavu, tunasukuma siku. Ikiwa majani, basi ni mwisho wa mwezi na watoto wanaambiwa wavumilie.

Kwetu majani hayaliwi kwa kuvumilia. Tunayapangia siku, tunayatafutia karanga nzuri, tunayapa saa zake motoni, na watoto wakirudi kutoka shule wanafunua sufuria kabla hawajavua viatu. Ninaandika haya kwa ajili ya wale wanaoniuliza lile swali, na zaidi kwa ajili ya akina mama na akina baba wanaopika hivi hivi kila siku, kisha wanaona haya kusema walichokula.

Haya hiyo ina historia. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na mwaka 1911 tanuru likaanza kuyeyusha mawe. Watu wa kazi waliletwa kutoka Kasai, kutoka Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, na kutoka Rwanda na Burundi. Wengi waliishi kambini na kulishwa kwa posho: bunga ya mahindi, maharagi, karanga, mawese, samaki, nyama. Chakula kilipimwa kwa mizani, na nyama ikaingia katika hesabu ya mtu mwenye kazi. Posho yenyewe imekwisha zamani, lakini kipimo chake tumekirithi. Baba akileta nyama, watu wanajua baba anafanya kazi.

Mimi nimekulia Katuba, hapa hapa mjini, kwa nkambo wangu, mama wa mama yangu, Mubemba. Nilimwona akitoka asubuhi kuchuma, akikaa mchana kuchambua, akitwanga, halafu jioni nzima akisimama mbele ya mbabula, jiko letu la makala (makaa). Jumapili nyama ikinunuliwa ilitiwa majini na chumvi na kitunguu, ikachemka yenyewe. Wageni wakila, wanasifu nyama. Kazi ya mikono yake ya tangu asubuhi inapita bila neno. Jambo langu lote liko hapo. Mapishi yenye ujuzi mwingi kuliko yote tuliyo nayo katika mji huu ni haya ya majani, karanga, maharagi na uyoga, na sisi wenyewe tumeyasukuma nyuma kwa sababu ya hesabu ya posho. Wanawake wetu wamedhulumiwa sifa yao.

Nikaolewa katika familia ya Waadventista wa Siku ya Sabato. Kanisa lao linashauri kula vyakula vya mimea, halilazimishi, na Waadventista wengi wa hapa wanakula kuku na ng'ombe bila shida yoyote. Baba mkwe, ambaye ameshatutoka, aliushika ushauri huo kwa moyo, na mume wangu akakua hivyo. Mama mkwe asili yake ni Kasai. Bukari yake anachanganya bunga ya mahindi na bunga ya muhogo, inavutika na kung'aa. Nkambo yeye alitaka mahindi meupe peke yake. Mimi leo nasonga zote mbili, kulingana na kilicho sufuriani: sombe, yaani majani ya muhogo, inataka ile ya mchanganyiko, kibwabwa, yaani majani ya boga, inataka ya mahindi. Mume wangu anasema tofauti haipo. Ipo.

Nianze na karanga, kwa sababu bila karanga jiko langu halisimami.

Wabemba huita fisashi mboga iliyopikwa ndani ya karanga zilizotwangwa. Karanga hizo ni mbichi, si za kukaanga, na kwanza zinachaguliwa kwenye ungo moja moja. Kazi hii siifanyi kwa haraka na simwachii mtoto peke yake. Karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, au yenye uchungu ukiionja, inatupwa, na kuku hawapewi. Ukungu unaoota kwenye karanga zilizowekwa na unyevu hutoa sumukuvu, sumu inayoharibu ini, na moto wa jikoni hauiondoi. Sokoni zipo karanga za bei nafuu ambazo zimekwisha kutwangwa. Sizinunui, kwa sababu unga hauwezi kukuonyesha kilichoingia kinuni. Nanunua karanga nzima, kilauri kwa kilauri, yaani glasi kwa glasi, na naonja mbele ya mama anayeuza. Wauzaji wazuri hawakasiriki. Wenyewe ndio wanaokusukumia: "Onja, mama, onja."

Halafu kinu. Zinatwangwa, zinachekechwa, kilichobaki juu ya chekecheo kinarudi kinuni, mpaka unga uwe laini na ukiubonyeza kiganjani ushikamane. Maji yachemke, unga utiwe kidogo kidogo, na kuanzia hapo usiondoke. Karanga zina tabia ya kupanda ghafla na kumwagika, ukageuka tu umesalimia mtu mlangoni, moto umezimika na nusu ya chakula iko juu ya makala. Sufuria isifunikwe. Mwiko uzunguke taratibu, ushuke mpaka chini. Mwanzoni mchuzi ni mweupe na una harufu mbichi. Unachemka, unaendelea kuchemka, rangi inageuka kuwa ya kahawia nyepesi, ile harufu mbichi inakwisha, na mwishowe mafuta yanaanza kujitokeza yenyewe juu, viduara vidogo vya dhahabu vinavyokutana na kuachana. Hayo mafuta ndiyo ruhusa ya kutia majani. Ukiyatia kabla, utakula majani yenye unga.

Na majani ninayoyapenda kuliko yote ni kibwabwa. Mtu asiyeyajua anaogopa manyoya yake, anaona yatamkwaruza koo. Yatamkwaruza kweli asipoyatengeneza. Unachagua jani changa, la karibu na ncha ya mtambaa. Unashika kikonyo, unavunja mwisho wake bila kuukata kabisa, unavuta kuelekea kwenye jani, na uzi mrefu unatoka, unapanda, unaachana na jani lenyewe kwa nyuma. Unageuza, unavunja upande wa pili, unavuta tena. Nyuzi zote zitoke, maana ikibaki moja utaitafuna mpaka kesho. Kisha majani yanasuguliwa ndani ya maji kati ya viganja viwili, mpaka manyoya yalale na maji yawe ya kijani. Ndipo unayakunja pamoja na kuyakata nyembamba. Ukikuta na yale maua ya njano, toa kilicho katikati, uyatie pia. Beseni zima la kibwabwa likiingia sufuriani linabaki ngumi mbili tu, na ndiyo maana aliyekaa kuichambua hapendi kuona mtu anaiacha sahanini.

Nyanya, kitunguu, chumvi, na pilipili nzima isiyopasuliwa inayoelea juu kwa ajili ya harufu. Basi. Vile vidonge vya supu vinavyouzwa kila duka sivitii. Vinafanya kila chungu kiwe na ladha moja, iwe kibwabwa, iwe matembele, iwe lengalenga (mchicha), na mimi nataka mtoto wangu akifumba macho ajue ni jani gani liko mdomoni. Matembele yana utamu wa mbali. Lengalenga ina ladha ya udongo uliolowa. Ngaingai, majani ya rozela, ni kali, inakunja uso, na ukiichemsha kwanza na kumwaga maji yale ya kwanza inakuwa na ukali wa kupendeza unaofanya bukari nyingi iliwe bila mtu kugundua.

Mama mkwe na binti yetu mkubwa wana mabishano yasiyokwisha juu ya soda ya kupikia. Mama mkwe anatia soda kidogo kwenye bamia na kwenye majani, yalainike upesi na yabaki kijani. Binti amejifunza shuleni kwamba soda inaharibu vitamini C na baadhi ya vitamini B.

"Nkambo, hiyo soda inakula vitamini zetu," alimwambia.

"Na meno yangu yatakula nini?" mama mkwe akamjibu, na akaendelea kukoroga.

Wote wana haki. Mimi nimekata shauri hivi: bamia inapata soda, kwa sababu bila hiyo haivutiki inavyotakiwa. Majani laini hayapati. Majani magumu yanapata muda zaidi, na mama mkwe anapakuliwa ya mwisho, yale yaliyokaa motoni kuliko mengine.

Sombe ni habari nyingine, ina sheria zake na sheria hizo si za ladha peke yake. Jani bichi la muhogo lina kitu ambacho, likipondwa, kinatoa sayanidi. Kutwanga ndiko kunakoifungua sumu hiyo, na kuchemsha ndiko kunakoiondoa na mvuke. Kwa hiyo mpishi anayekwepa kazi ya kinu, au anayeharakisha moto, hapunguzi kazi, anaacha kitu ndani ya chakula. Bibi zetu hawakuwa na jina la sayanidi lakini walijua kila hatua: majani yapitishwe kwenye maji ya moto, yatwangwe mpaka yasionekane kuwa ni majani, yachemshwe wazi bila kifuniko, saa nzima na zaidi. Pamoja na majani natwanga kitunguu cha majani, pilipili tamu na saumu. Mawese yanaingia sombe ikiwa imeiva, kisha karanga, si nyingi. Siku hizi kuna wanaosaga sombe kwa mashine sokoni, na mwanamke anayetoka kazini jioni siwezi kumwambia asiitumie. Ila mashine inakata, kinu kinaponda, na ulimi unajua.

Watu wengi hapa wanatia samaki mkavu ndani ya sombe kwa ajili ya ile ladha nzito ya chini. Mimi natia unga wa uyoga mkavu. Nitafika kwenye uyoga.

Kuhusu nguvu za mwili nitasema kwa ufupi, kwa sababu ndilo swali la pili baada ya lile la bukari. Mahindi yana upungufu wa lisini, ambayo mwili unaihitaji kujijenga, na maharagi yanayo kwa wingi. Bukari na maharagi vinakamilishana, kama sio kwenye sahani moja basi ndani ya siku moja. Madini ya chuma yaliyo kwenye majani na maharagi yanaingia mwilini vizuri zaidi ukila pamoja na nyanya, ndimu au pilipili tamu, na chai inayonywewa juu ya chakula inayazuia. Vitamini B12 haipatikani kwenye mimea. Sisi tunakula mayai na kunywa maziwa. Asiyetumia hivyo viwili azungumze na daktari juu ya vidonge, hasa akiwa mjamzito au ananyonyesha.

Maharagi yanahitaji moto mrefu, na moto ni makala, na makala ni pesa. Umeme ukikatika, ambayo ni kawaida, nyumba zote za mtaa zinarudi kwenye mbabula. Kwa hiyo maharagi kwetu yanalala majini usiku. Asubuhi maji yale yanamwagwa, yanawekwa mapya, yanachemka kwa nguvu kwa muda, kisha sufuria inafunikwa vizuri, inazungushiwa mablanketi ya zamani ndani ya kikapu kikubwa, na inaachwa. Joto lake lenyewe linamalizia sehemu kubwa ya kazi. Jioni unairudisha motoni kwa ajili ya kitunguu, mawese na nyanya. Gunia la makala linakaa muda mrefu zaidi, na hiyo ni faida ya mfuko wangu, lakini ninayo sababu nyingine, na ndiyo inayonipeleka kwenye uyoga.

Makala ya Lubumbashi yanatoka kwenye pori la miombo, na uyoga wetu mwingi unatoka pori hilo hilo. Si kwamba unaota tu kivulini. Aina nyingi, ule wa njano unaoupenda kila mtu ukiwemo, zimeshikamana na mizizi ya miti ya miombo yenyewe: uyoga unausaidia mti kupata maji na madini, mti unaupa uyoga sukari. Ukikata mti, uyoga ule hauna pa kuishi. Kila mwaka wachoma makala wanakwenda mbali zaidi na mji, na akina mama wa uyoga nao wanakwenda mbali zaidi.

Mvua zikianza kushika, Novemba hivi, wanajitokeza kando ya barabara ya Likasi na ya Kasumbalesa na beseni zao, na mji unabadilika harufu. Bowa, tunaita. Kwa miezi michache hiyo mimi nasahau kila kitu kingine. Kuna ule wa njano, mwembamba, wa kupika haraka na kitunguu. Kuna ule mkubwa wa kichuguu, ambao mtoto anaweza kuushika akajifunika nao mvua kama mwavuli. Wanasayansi waliupa jina la Termitomyces titanicus mwaka 1980, kutokana na uyoga wa Zambia, na kofia yake inaweza kufikia kama mita moja. Mchwa ndio wanaoulima: ndani ya kichuguu wanatafuna mimea mikavu na kuotesha ukungu wake juu ya hiyo takataka, ndicho chakula chao. Mvua zikifika, ukungu huo unasukuma shina refu kupitia udongo wa kichuguu mpaka nje, na sisi tunakula kilichotoka kwenye shamba la mchwa. Katanga, eneo letu hili, ina vichuguu vikubwa vinavyopita urefu wa nyumba, na watu wanavichimba udongo wa matofali. Mimi nikiviona nafikiria chakula.

Uyoga huu hauoshwi kwa kuloweka, unakunywa maji na kupoteza ladha. Unakwanguliwa udongo kwa kisu, unapanguswa, unachanwa kwa mkono kufuata nyuzi zake. Unaingia kwenye sufuria kavu, bila mafuta, na unaachwa utoe maji yake na uyanywe tena. Mafuta na kitunguu baadaye. Chumvi mwisho. Watu wanaousifu wanasema una ladha ya kuku. Mimi sipendi sifa hiyo, kwa sababu inarudi kwenye kile kipimo cha zamani. Una ladha ya uyoga wa kichuguu, na hakuna kingine chenye ladha hiyo.

Unaobaki nakata vipande, naanika juu ya paa la jiko, naufunga. Kiangazi, Juni na Julai, kunapokuwa na baridi na vumbi, nautwanga unga. Kijiko kimoja ndani ya sombe au maharagi kinafanya kazi yote ambayo wengine wanamwachia samaki mkavu.

Ila kwenye uyoga siruhusu ujasiri. Wanangu hawachumi. Nanunua kwa akina mama ninaowajua, waliojifunza kwa mama zao, na aina ninazozijua peke yake. Kuna wanaosema ukitia kitunguu au sarafu kwenye sufuria na visipobadilika rangi, uyoga ni salama. Si kweli. Hakuna alama ya jikoni inayotenganisha uyoga wa kuua na wa kula. Kuna ujuzi wa mtu anayeutambua, basi.

Sasa jambo ambalo mpishi wa majani wa Lubumbashi hawezi kulikwepa, na ninaliandika kwa uchungu kidogo: jani limeota wapi?

Mji wetu umeyeyusha shaba kwa zaidi ya miaka 100. Upande wa kaskazini-magharibi wa tanuru la zamani, ambako upepo umepeleka moshi kizazi baada ya kizazi, kuna ardhi ambayo miti ilikwisha kabisa. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya kupima mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga, na kobalti waliyoikuta ilikuwa ya juu kuliko iliyowahi kuandikwa kwa watu wa kawaida wasiofanya kazi hiyo. Utafiti uliofuata uliangalia njia inayopita: kwa watu wazima, mboga zinazolimwa mahali pachafu zina sehemu kubwa, kwa watoto, vumbi.

Mtu asiyependa majani anaweza kuchukua habari hii akasema, umeona, bora nyama. Mimi nimeichukua kinyume chake. Kwa kuwa majani ndiyo chakula chetu, wenye haki ya kudai udongo safi ni sisi. Kwa hiyo nauliza. Shamba liko upande gani? Maji ya kumwagilia yanatoka mto gani, au kisima? Kuna akina mama wanaolima Kilobelobe, kuna wa Kashamata, na kuna wanaolima popote penye maji ndani ya mji. Nikimpata anayejibu bila kusita, akanielekeza na njia ya kufika, huyo nakuwa mteja wake, na nimewahi kwenda kuona kwa macho. Majani yote yanaoshwa kwa maji mengi, maji yanabadilishwa mpaka chini ya beseni pasibaki mchanga. Kuosha kunaondoa vumbi lililokaa juu. Kile ambacho mzizi umekinyonya hakioshwi, na lengalenga ni hodari wa kunyonya, ndiyo maana lengalenga ndiyo ninayoiuliza maswali mengi zaidi. Kwenye kipande chetu cha ua nimetia chokaa ya kilimo, kwa sababu udongo ukipungua ukali metali hizi zinashikwa na hazipandi sana kwenye mmea. Hapo ndipo inapoota kibwabwa yetu.

Wageni. Hapo ndipo nyumba isiyo na nyama inapojaribiwa. Mgeni wa heshima kwetu anachinjiwa kuku, na kumnyima kuku ni kumwambia jambo. Baba mdogo wa mume wangu alikuja kutoka Kipushi, mzee wa zamani za mgodi, na nilijua anategemea nini. Nilipika kikanda.

Kwa wasioijua: kikanda inatoka kwenye mizizi midogo ya okidi za porini, ile myeupe ya mviringo iliyo chini ya ardhi. Inaoshwa, inakaushwa, inatwangwa unga. Unachemsha maji na unga wa karanga, chumvi na pilipili ya kutosha, soda kidogo au maji ya majivu yaliyochujwa, halafu unanyunyizia unga wa kikanda huku unakoroga kwa nguvu zako zote, kwa maana unashika ghafla. Ukishakuwa mzito na kuanza kuachana na sufuria, unausawazisha, unafunika, unapunguza moto wa chini na kuweka makala yanayowaka juu ya kifuniko. Unaiva juu na chini, ganda jekundu linajitengeneza. Ukipoa unakatwa vipande vinavyosimama vyenyewe, vya kahawia, vyenye kunata kidogo na moto wa pilipili unaokuja nyuma.

Mzee alitazama meza. Kikanda, kibwabwa ya karanga, uyoga, bukari mbili.

"Mama, kuku hakupatikana?"

Mama mkwe hakuniacha nijibu. "Shemeji, huyu ametwanga tangu jana. Nawa mikono."

Alinawa. Alikula kimya, na mzee huyo si mtu wa kukaa kimya. Aliongeza kikanda, akaongeza tena, na kwenye kuondoka aliomba kipande kifungwe cha mke wake. Lililonifurahisha zaidi ni kwamba aliuliza kibwabwa imechambuliwa na nani, na binti akasema, "Mimi." Akamsifu mtoto mbele ya watu wote, kwa jina, kwa ajili ya majani.

Lakini kikanda siipiki mara nyingi. Mzizi ukichimbwa, mmea umekufa, na okidi hizi, za jamii za Disa, Satyrium na Habenaria, hazilimwi. Zinatoka kwenye nyika na nyanda za juu, na zimechimbwa kwa wingi sana hata biashara ya Zambia imevuka mpaka kuzifuata Kongo na Tanzania. Kule Tanzania uwanda wa Kitulo ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na uchimbaji wa mizizi hii ni mojawapo ya mambo yaliyosukuma ulindwe. Okidi zote ziko chini ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama wa porini. Akina mama wanaoiuza sokoni wanalisha watoto wao nayo, sitawasema vibaya. Nimezungumza nao, na wenyewe ndio wanaosema mizizi inayokuja siku hizi ni midogo kuliko ile ya zamani.

Kwa hiyo kwetu kikanda ni ya Noeli, ya arusi, na ya mzee anayetoka Kipushi. Mtu wa hapa akifanikiwa kuiotesha shambani, akafika nayo kwenye masoko ya Kenya au Katuba, mitaa ya mji wetu, nitanunua kwake meka nzima, kipimo cha sokoni, bila kupatana bei. Mpaka hapo, mwaka wote uliobaki ni wa karanga.